Hesabu za fantasi: Bei ya jana haikununua mabao ya leo

KILA mwaka, minada ya ufuta inapokaribia kufunguliwa Nachingwea na Ruangwa, kuna soko jingine ambalo linakuwa limekwisha kufunga vitabu vyake. Hilo ni soko la wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza katika mchezo wa fantasi, ambamo mtu mwenye simu hupewa fedha za kubuni, akanunua wachezaji wa kweli, na kulipwa pointi kwa yale wanayoyafanya uwanjani kuanzia Agosti hadi Mei.

Soko hilo halina ghala wala mizani, na hakuna anayepakua magunia. Hata hivyo lina bei ya kufungulia, mtaji wenye kikomo, gharama ya kununua na kuuza, uvumi, na umati wa wanunuzi wanaokimbilia jina moja kwa siku moja. Lina pia sifa moja ambayo masoko ya mazao hayana: mwisho wa msimu hesabu zote huwa wazi, na kila mtu anaweza kuona nani alinunua nini, kwa bei gani, na alivuna kiasi gani.

Msimu wa 2024/25, ulioanza tarehe 16 Agosti 2024 na kumalizika tarehe 25 Mei 2025, unafaa kuchunguzwa na mfanyabiashara yeyote anayeweka fedha zake kwenye bidhaa ambayo bei yake ya mwaka jana bado inazungumzwa vijiweni. Katika msimu huo mchezaji aliyekuwa ghali kuliko wote alizidiwa pointi na mshambuliaji aliyeuzwa kwa chini ya nusu ya bei yake.

Jinsi soko linavyofanya kazi

Mchezo rasmi wa fantasi wa Ligi Kuu ya Uingereza ulianza msimu wa 2002/03. Kila anayejiandikisha hupewa pauni milioni 100 za kubuni na kutakiwa kununua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3. Haruhusiwi kuchukua zaidi ya wachezaji 3 kutoka klabu moja. Kila wiki huteua 11 wa kuanza, na mmoja wao huwa nahodha ambaye pointi zake huhesabiwa mara mbili.

Pointi hutolewa kwa kanuni zinazojulikana tangu mwanzo. Mchezaji anayecheza dakika 60 au zaidi hupata pointi 2. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo 5, na la beki 6. Pasi ya bao ni pointi 3. Beki au kipa ambaye timu yake haikufungwa hupata pointi 4, na kiungo hupata 1. Kadi ya njano hukata pointi 1, nyekundu hukata 3.

Kinachomhusu zaidi mfanyabiashara ni upande wa bei. Baada ya msimu kuanza, bei ya mchezaji haipandi kwa sababu amefunga bao, bali kwa sababu watu wengi wamemnunua. Ikiwa wanaonunua ni wengi kuliko wanaouza, bei huongezeka kwa 0.1, wakiuza kwa wingi, hupungua kwa kiasi hicho hicho. Kwa maneno mengine, bei ni kumbukumbu ya yale ambayo wanunuzi wengine wamekwisha kuyafanya.

Faida nayo ina makato. Aliyenunua mchezaji kwa 7.0 na bei ikapanda hadi 7.3 hapati 7.3 akiuza. Hupewa nusu tu ya ongezeko, tena kwa kushusha sehemu inayobaki, yaani 7.1. Aidha, kila wiki kuna uhamisho mmoja wa bure, na tangu msimu wa 2024/25 mtu anaweza kulimbikiza hadi mitano. Anayetaka kubadilisha zaidi ya hapo hukatwa pointi 4 kwa kila mchezaji wa ziada. Mkulima au mnunuzi aliyewahi kusoma karatasi ya makato ya mnada ataielewa kanuni hii bila maelezo marefu: bei inayotangazwa siyo fedha inayoingia mfukoni.

Vikapu viwili

Hizi hapa ni bei za kufungulia msimu wa 2024/25 kwa baadhi ya wachezaji wa mbele, pamoja na pointi walizomaliza nazo. Safu ya mwisho ni pointi kwa kila pauni milioni moja iliyowekwa.

Mohamed Salah (Liverpool): bei 12.5, pointi 344, wastani 27.5
Bryan Mbeumo (Brentford): bei 7.0, pointi 236, wastani 33.7
Cole Palmer (Chelsea): bei 10.5, pointi 214, wastani 20.4
Alexander Isak (Newcastle): bei 8.5, pointi 211, wastani 24.8
Chris Wood (Nottingham Forest): bei 6.0, pointi 200, wastani 33.3
Yoane Wissa (Brentford): bei 6.0, pointi 185, wastani 30.8
Erling Haaland (Manchester City): bei 15.0, pointi 181, wastani 12.1

Tuchukue mfano wa wanunuzi wawili wenye pauni milioni 21.0 na nafasi mbili za kujaza. Wa kwanza ananunua Haaland kwa 15.0 na Wood kwa 6.0. Wa pili ananunua Salah kwa 12.5 na Isak kwa 8.5. Wote wamemaliza fedha zao sawasawa. Mwisho wa msimu kikapu cha kwanza kina pointi 381 na cha pili kina 555. Tofauti ni pointi 174.

Ieleweke kwamba kikapu cha kwanza hakikukosa bidhaa ya bei nafuu iliyolipa vizuri. Wood alikuwa mmoja wa ununuzi bora wa mwaka, na alifunga mabao 20. Lakini faida yake ilimezwa na mzigo wa ghali uliokaa kando yake. Wafanyabiashara wadogo wengi hufanya vizuri katika manunuzi manne madogo, kisha wakapoteza yote katika moja kubwa.

Unahodha huongeza pengo hilo. Salah alicheza mechi zote 38, na aliyemwacha awe nahodha msimu mzima alivuna pointi 688 kutoka kwa mtu mmoja. Haaland angempa mwenzake 362.

Bei ya jana

Swali ni kwa nini Haaland aliuzwa kwa 15.0, bei ambayo hakuna mchezaji mwingine aliyewahi kuifikia kabla yake katika mchezo huo. Jibu linapatikana kwa kupanga misimu yake mitatu ya kwanza Uingereza.

Msimu wa 2022/23 alifunguliwa kwa 11.5. Alifunga mabao 36 na kuleta pointi 272, sawa na 23.7 kwa kila milioni. Msimu wa 2023/24 alipandishwa hadi 14.0. Alifunga mabao 27 na kuleta 217, sawa na 15.5. Msimu wa 2024/25 alipandishwa tena hadi 15.0. Alifunga mabao 22 na kuleta 181, sawa na 12.1.

Bei ilikuwa ikipanda huku mavuno yakishuka. Kila mwaka mnunuzi alilipia mabao ambayo tayari yalikuwa yamefungwa, na ambayo pointi zake zilikwenda kwa waliokuwa naye kabla. Haaland hakuwa mchezaji mbaya katika mwaka wowote kati ya hiyo. Mabao 22 katika ligi ile ni kazi kubwa, hasa kwa mtu aliyekaa nje kwa jeraha la kifundo cha mguu mwishoni mwa Machi na Aprili 2025. Kilichokuwa kibaya ni bei.

Ndani ya msimu wenyewe kosa hilo lilijirudia kwa kasi. Katika mechi 5 za kwanza Haaland alifunga mabao 10, yakiwamo matatu katika mechi moja mara mbili mfululizo. Aliyesubiri aone, kisha akaingia sokoni wiki ya 6 kwa hofu ya kuachwa, alinunua mabao 12 yaliyobaki katika mechi 33. Alilipa bei ya mavuno ya masika, akapata ya kiangazi.

Upande wa pili uko Mbeumo. Mwezi Agosti 2024 mshambuliaji Ivan Toney, aliyekuwa akipiga penalti za Brentford, aliuzwa Saudi Arabia. Habari hiyo haikuwa siri. Ilitangazwa kila mahali. Maana yake ilikuwa kwamba penalti zingehamia kwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa anauzwa kwa 7.0. Mbeumo alimaliza na mabao 20. Wanunuzi waliomtazama yeye hawakuwa na taarifa zaidi ya wengine. Waliuliza tu kitu tofauti: badala ya kuuliza nani alifunga mwaka jana, waliuliza nafasi gani imeachwa wazi mwaka huu.

Nafasi ni kama tani za lori

Kuna hatari ya kusoma orodha ile vibaya na kuhitimisha kwamba bei ndogo ndiyo bora daima. Salah alikuwa wa pili kwa bei katika orodha hiyo na bado ndiye aliyeleta pointi nyingi kuliko wote, rekodi katika mchezo huo, akiipita ile ya 303 aliyoiweka mwenyewe msimu wa 2017/18.

Sababu ni kwamba mnunuzi wa fantasi ana vitu viwili vyenye uhaba, siyo kimoja. Fedha ni kimoja, nafasi 11 za kuanza ni cha pili. Mfanyabiashara mwenye lori la tani 10 anaijua hesabu hii. Zao la bei ndogo linaweza kumpa faida nzuri kwa kila shilingi aliyoweka, lakini lori likishajaa limejaa, na shilingi zilizobaki mfukoni hazina pa kupanda. Hapo zao lenye faida kubwa kwa kila kilo, hata kama ni ghali, ndilo linalostahili nafasi.

Njia sahihi ni kuuliza nyongeza ya bei inanunua nini. Kutoka Wood hadi Salah ni ongezeko la pauni milioni 6.5, na liliongeza pointi 144, yaani takriban 22 kwa kila milioni. Hiyo ni biashara nzuri. Kutoka Wood hadi Haaland ni ongezeko la milioni 9.0, na lilipunguza pointi 19. Bidhaa zote mbili ziliitwa ghali, lakini nyongeza moja ilinunua kitu na nyingine ilinunua jina.

Kanuni zenyewe zilikuwa zimeonyesha njia. Salah alikuwa amesajiliwa kama kiungo, hivyo mabao yake 29 yalikuwa na thamani ya pointi 145. Kama yangefungwa na mtu aliyesajiliwa kama mshambuliaji, yangekuwa na thamani ya 116. Bidhaa ile ile, ikipimwa kwenye daraja tofauti, hulipwa tofauti. Wauzaji wa korosho za daraja la kwanza na la pili hawahitaji kuambiwa mara mbili.

Namungo: kikosi kinacholipa nauli

Kufikia hapa fantasi imetenda haki kama mwalimu wa bei. Lakini kuna gharama ambazo haizihesabu kabisa, na ili kuziona hapana haja ya kwenda Liverpool. Ruangwa yenyewe ina mfano wake.

Namungo FC, klabu ya Ruangwa yenye uwanja wake wa Majaliwa, ilipanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara kwa msimu wa 2019/20. Kwa lugha ya fantasi, ilikuwa bidhaa ya bei ya chini kabisa: mgeni kutoka wilaya ya kusini, isiyo na mashabiki wa Simba wala Yanga. Chini ya kocha Hitimana Thierry kutoka Rwanda, ilimaliza ya 4. Ilifika pia fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, iliyochezwa Sumbawanga tarehe 2 Agosti 2020, ambako ilifungwa na Simba 2-1. Kwa kuwa Simba ilikuwa pia bingwa wa ligi, Namungo ikapata tiketi ya Kombe la Shirikisho Afrika.

Yeyote ambaye angeweza kuinunua Namungo mwezi Agosti 2019 kwa bei ya mgeni angevuna kuliko aliyenunua jina lolote kubwa. Swali la kibiashara ni aliyeinunua mwaka mmoja baadaye, baada ya sifa kuenea.

Barani Afrika Namungo ilianza vizuri. Iliitoa Al Hilal Obeid ya Sudan, kisha ikapangiwa Primeiro de Agosto ya Angola. Mwezi Februari 2021 msafara ulipofika Luanda, mamlaka za huko zilitangaza kwamba watu wanne wa msafara huo, wachezaji watatu na kiongozi mmoja, wana virusi vya korona. Mechi haikuchezwa. Shirikisho la Soka Afrika liliamua mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam, na Namungo ikashinda 6-2 kabla ya kufungwa 3-1, ikapita kwa jumla ya mabao 7-5 na kuingia hatua ya makundi.

Katika makundi ilikutana na Raja Casablanca ya Morocco, Pyramids ya Misri na Nkana ya Zambia. Ilipoteza mechi zote 6.

Mchezaji wa fantasi akisafiri hamlipii nauli. Hakuna hoteli ya kulipa akikwama ugenini, na mechi ya nyumbani haihamishwi kilomita mamia kutoka kwa mashabiki wake. Namungo ilicheza mechi zake za nyumbani za makundi Dar es Salaam, siyo Ruangwa, huku kikosi kile kile kikitakiwa kurudi kwenye ligi. Kila mzigo huo ni gharama halisi ambayo haionekani kwenye orodha ya bei.

Mfanyabiashara aliyenunua ufuta kwa bei nzuri kijijini, kisha akasahau usafiri, magunia, ushuru, upungufu wa uzito na siku za kusubiri malipo, amefanya hesabu ya fantasi. Bei yake ya kununulia ilikuwa sahihi. Kilichokosekana ni nauli ya kikosi.

Kikosi cha karatasi cha Nachingwea

Nachingwea nayo ina kumbukumbu ya zamani zaidi ya kikosi kilichoshinda kwenye karatasi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza Mpango wa Karanga katika Tanganyika, katika maeneo matatu: Kongwa, Urambo na Nachingwea. Hesabu zake zilikuwa safi. Dunia ilikuwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita, bei ilikuwa juu, ardhi ilionekana tupu, na trekta zilikuwapo. Zilipangwa ekari zaidi ya milioni 3.

Kilichokosekana ni majaribio ya kutosha ya udongo na mvua kabla ya kumwaga fedha. Mitambo iliharibika, misitu ilikuwa migumu kung'olewa kuliko ilivyodhaniwa, na mavuno hayakukaribia makisio. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na takriban pauni milioni 36 zikaandikwa hasara. Safari hii pauni za kweli. Reli iliyojengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea kwa ajili ya karanga hizo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bandari ya Mtwara ilibaki, na leo hii ndiyo njia ya korosho.

Wapangaji wa karanga walifanya kosa lile lile la mnunuzi wa wiki ya 6. Walichukua bei nzuri ya siku ile, wakaizidisha kwa ekari nyingi, wakaita matokeo hayo faida. Tofauti ni kwamba mnunuzi wa fantasi angeweza kuuza Jumamosi iliyofuata. Trekta zilizokwama porini hazikuwa na uhamisho wa bure.

Kanuni zinapobadilika

Hatari ya mwisho ni kanuni. Katikati ya msimu wa 2024/25 waendeshaji wa fantasi waliingiza karata mpya iliyompa mnunuzi pointi kupitia kocha wa timu. Msimu uliofuata karata hiyo iliondolewa. Msimu wa 2025/26 wakaanza kuwapa wachezaji pointi 2 kwa kufikisha idadi fulani ya kazi za ulinzi, na ghafla mabeki ambao hawakuwa na thamani wakaanza kutafutwa.

Kwa wanunuzi wa korosho wa Kusini somo hilo lilikuja mwaka 2018, tena kwa gharama kubwa zaidi. Msimu wa 2017/18 bei katika baadhi ya minada ilipita Sh. 4,000 kwa kilo. Msimu uliofuata ulipofunguliwa, bei walizotoa wanunuzi zilikuwa chini mno, na wakulima wakakataa kuuza. Mwezi Novemba 2018 Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali itanunua korosho zote kwa Sh. 3,300 kwa kilo, na jeshi likapewa kazi ya kuzisomba.

Kabla ya malipo ulifanyika uhakiki wa nani ana shamba na nani hana. Walioumia ni wa kangomba, yaani walionunua korosho kwa wakulima vijijini nje ya mfumo wa stakabadhi ghalani, wengine kabla hata hazijakomaa. Biashara hiyo ilikuwa imekatazwa tangu awali, lakini katika mwaka wa bei nzuri ilionekana kama njia ya mkato. Walikuwa na bidhaa mkononi, na bei imetangazwa, lakini hawakuwa na shamba la kuonyesha.

Tangu wakati huo mfumo umebadilika tena. Stakabadhi ghalani, ulioanza kwenye korosho mwaka 2007, umepanuliwa hadi kwenye ufuta na mazao mengine, na mnada wa kidijitali wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, umeingia katika mauzo ya korosho kuanzia msimu wa 2024/25. Kwa eneo la Ruangwa, Nachingwea na Liwale, chama kikuu cha ushirika ni RUNALI, ambacho jina lake limetokana na wilaya hizo tatu. Anayetaka kuingia katika biashara hiyo anapaswa kusoma kwanza utaratibu wa msimu husika, siyo kusimuliwa ule wa mwaka juzi.

La kuzingatia

Fantasi rasmi haitozi kiingilio, na hilo ndilo linaloifanya ifae kwa mazoezi. Mambo hubadilika pale kundi la marafiki linapoanza kuchangishana ili mshindi achukue chote, au pale fedha za ufuta zinapohamia kwenye mikeka ya kubashiri. Kubashiri ni biashara inayosimamiwa na Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, na ina sheria yake. Lakini kwa mfanyabiashara mdogo jambo la kwanza ni kwamba mtaji wa msimu una kazi moja tu. Ukitoka Juni kwenda kwenye mkeka, hautakuwapo Oktoba minada ya korosho inapofunguliwa.

Mazoezi yenyewe ni haya. Kabla ya kununua, andika bei ya msimu uliopita na bei unayotakiwa kulipa sasa, kisha jiulize tofauti kati yake inanunua kitu gani ambacho bado hakijatokea. Weka gharama zote za kufikisha mzigo sokoni, kama Namungo inavyolipa nauli. Pima nafasi yako, iwe ni tani za lori au siku ulizonazo, siyo fedha peke yake. Mwisho, andika bei ambayo ukiifikia hutaendelea kupandisha, na uiandike kabla hujasikia mwenzako amenunua kwa kiasi gani.

Baada ya msimu wa 2024/25 kufungwa, soko la fantasi lilipanga bei mpya kama kawaida yake. Kwa msimu wa 2025/26 Salah alifunguliwa kwa 14.5, ongezeko la 2.0. Wood alipanda kutoka 6.0 hadi 7.5. Haaland, kwa mara ya kwanza tangu afike Uingereza, alishushwa, kutoka 15.0 hadi 14.0. Pointi 344 za Salah zilikuwa zimekwisha kuliwa na waliomnunua kwa 12.5, aliyelipa 14.5 alikuwa akiomba apate nyingine.